Mume wa Kwanza wa Khadidja

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, kwa sababu hapa mtaani kwetu Buyenzi ukichelewa kuusema ujinga wako jirani atausema kabla yako, tena ataupaka chumvi. Wapo watakaokuambia kwamba kosa lilikuwa la vita, au la bariyeri ya askari, au la yule dereva wa Kajaga mwenye honi ndefu kuliko gari lake. Hao wananihurumia tu. Kosa lilikuwa langu, na jina lake ni wivu.

Nimekula barabara maisha yangu yote. Nilikuwa shoferi wa kamyo, nikipandisha chumvi mpaka mji wa Ngozi na kuteremsha kahawa, na mpaka leo watu wananiita Shoferi ingawa jina langu ni Sulemani. Mwaka nilioambiwa nimestaafu ndio mwaka nchi jirani zilipotufungia mipaka. Esansi, mafuta ya gari, ikaanza kuuzwa kwa chupa kama dawa ya kikohozi, na ile kamyo ikaegeshwa uani kwa tajiri wake ikaota majani. Kwa hiyo tulistaafu pamoja, mimi na kamyo. Tofauti yetu ni kwamba kamyo hakuna aliyeipita asubuhi akaiuliza, "Mzee, leo unafanya nini?"

Mtu aliyestaafu huona wivu hata kwa vitu vya bure. Nilimwonea wivu muuza makaa, kwa sababu wanawake walikuwa wakimngoja. Nilimwonea wivu mwadhini, kwa kuwa asipofika watu wanaulizana. Mimi nikichelewa kutoka chumbani, kuku ndio walifurahi.

Kitu kimoja tu sikuwa nimenyang'anywa. Khadidja, binti wa mwanangu Ilyasi, aliletwa kwetu akiwa mdogo ili amsaidie bibi yake, akabaki moja kwa moja. Kila asubuhi aliniletea chai ya tangawizi pale barazani.

"Bwana wangu, umeamka?"

"Nimeamka, muke wangu. Chai yako ndiyo bado imelala, haina hata sukari."

"Basi oa mwingine."

"Nani atanitaka? Meno yamebaki ya kuonyesha wageni tu."

Na mke wangu Assia, kutoka jikoni: "We Khadidja! Muulize huyo bwana yako soksi zake anafua nani!"

Ni utani wa siku zote. Mjukuu wa kike ni mke wa babu, mjukuu wa kiume ni mume wa bibi, hilo halina Mwislamu wala Mkristo, mji mzima unalicheza. Babu ameruhusiwa kuona wivu, tena wivu wake unalipwa. Siku ya posa husimama akalalamika kwamba mke wake anaibwa mchana kweupe. Wakwe wanamvika kofia mpya au wanampa shuka, watu wanacheka, kazi inaendelea. Ni wivu wa mchezo. Wa kwangu ulikuwa umeshaota mizizi, nami nikiumwagilia maji kila asubuhi kwa kikombe cha chai.

Basi Khadidja akapata mchumba. Kijana anaitwa Twalibu, fundi wa friji kule Kajaga, anatengeneza mafriza ya wauza samaki. Nilimtafutia kasoro wiki nzima. Hanywi, havuti, anaswali, anasalimia kwa mikono miwili. Hatimaye niligundua kwamba masikio yake ni makubwa, nikaja kumwambia Assia.

"Vizuri," akasema. "Atakuwa anamusikia muke wake. Yako ndiyo madogo."

Hilo ningelimeza. Ambalo halikupita kooni ni lililofuata. Lazima ujue kwamba kabla ya vita, ukitaka kuoza binti yako Buyenzi kwa heshima, ulinitafuta mimi niwe msemaji. Posa kwetu ni ya maneno. Wageni hawasemi wamekuja kuomba msichana; wanasema kuna ndama wao alipotea, nyayo zimeishia mlangoni kwako. Na msemaji wa nyumba anawazungusha: ndama gani, wa rangi gani, mbona hapa tunafuga bata tu? Mimi niliweza kuwazungusha watu tangu adhuhuri mpaka jua linaegemea milima ya Kongo, na wakaondoka wakiniombea maisha marefu.

Halafu nilikuwa na ufundi wangu wa mwisho. Wakristo wa mjini wanaposana juu ya bia. Sisi mahali pa bia tumeweka fanta, lakini sheria ni ile ile. Ukipokea kinywaji cha wageni ukanywa, umekubali. Ukikirudisha hakijafunguliwa, umekataa, na hakuna wa kukuuliza sababu. Sasa mimi nilikuwa naikataa. Naisukuma chupa, nasema, "Rudini nayo." Wageni wanakauka kama ndagala, dagaa wa kuanikwa. Wanabembeleza, shangazi zao wanaimba, wengine wanapiga magoti, nami nimenuna. Na pale wanapoanza kukata tamaa, naifungua kwa jino, nainywa yote, na nyumba inalipuka kwa vigelegele. Buyenzi yote ilijua kwamba Shoferi akikataa ndiyo amekubali.

Jioni moja Ilyasi akaja, akakaa kwenye kigoda, akaanza kusugua magoti. Mwanangu akisugua magoti ujue ana habari ya kukuumiza.

"Baba, posa ni Jumamosi. Musemaji tumemupata."

"Amepatikana wapi na yeye amekaa hapa?"

"Ni mushingantahe Gélase."

Gélase alikuwa mstaafu kama mimi, lakini wa ofisi. Alikuwa karani wa mahakama, anakaa mtaa wa juu wa Mutanga Nord, na Ilyasi ndiye aliyekuwa akimtengenezea gari lake, Pijo, kabla halijakosa esansi. Watu walimwita mushingantahe, yaani mtu wa haki wa kusuluhisha wenzake, na alivaa viatu vilivyong'aa mpaka ukiinama unaona pua yako.

"Mukristo wa Mutanga Nord amuoze muke wangu?"

"Baba, sio mambo ya dini. Yeye anamaliza haraka. Watu wa Kajaga lazima wapite bariyeri kabla ya kufungwa. We ukisimama..." akasugua magoti tena. "We ukisimama tutalala hapa wote."

"Zamani walikuwa wanalala."

"Zamani barabara ilikuwa inalala wazi, Baba."

Ilikuwa kweli, na kweli ndiyo iliyoniudhi. Barabara ya Kajaga alasiri ikiisha ilifungwa, na aliyekutwa nje hakuwa na wa kumtetea. Siku hizo harusi zilifungwa asubuhi, msiba ulisomwa haraka, hata ugomvi wa wenye nyumba uliahirishwa mpaka kesho. Gélase alikuwa amepata jina kwa sababu hiyo: walisema anaoza binti kabla maharage hayajaiva. Sasa niambie, hiyo ni sifa ya msemaji au ya jiko?

Jumamosi wakaja. Basi dogo moja limejaa mpaka mlangoni, kasiye za chupa za fanta juu ya keria, kapu la samaki wa mukeke wabichi. Aliyewaongoza ni Mohamadi, mjomba wa Twalibu, mtu mpole mwenye sauti ya chini, kanzu imenyooka. Tukakaa chini ya turubai, wao upande huu, sisi upande ule, na dereva wao akabaki nje kwenye usukani, kidole karibu na honi.

Mohamadi akasema habari ya ndama. Gélase akasimama. Nilikuwa nimeomba Mungu anisamehe, nikaomba pia Gélase ashikwe na kikohozi. Hakikumshika.

"Wageni wetu," akasema, "ndama kweli tulimuona. Lakini alipofika hapa alikuta maji matamu na majani mazuri, akasahau njia ya kwao. Sasa mimi nauliza: kule ziwani Kajaga mutamulisha nini? Mchanga?"

Watu wakacheka. Mohamadi akajibu kwamba watamlisha mukeke mpaka asahau majani, wakacheka tena. Gélase akarusha, Mohamadi akadaka. Nilimtazama Assia, naye anacheka, ameshika ubavu. Miaka mingapi tangu acheke hivyo kwa maneno yangu? Nilijisikia kama mtu anayeona jirani amevaa suruali yake mpya, tena imemkaa vizuri kuliko mwenyewe.

Mambo yakaiva upesi. Khadidja akatolewa ndani, ametazama chini, hina mpaka vidoleni. Twalibu akasahau kufunga mdomo.

Gélase akanigeukia. "Limebaki neno moja tu. Hapa kuna mume wa zamani, tusimuibie. Mzee Sulemani, sema wakupe nini, tumalize."

Tumalize! Nikasimama. Mohamadi akanipa kofia ya kufumwa, nzuri kweli. Nikasema inabana. Wakacheka. Akaniletea fimbo. Nikasema mimi ni shoferi, fimbo ni ya wanaotembea kwa miguu, waniletee usukani. Wakacheka sana, na kile kicheko kilinipanda kichwani kuliko pombe ambayo sijawahi kuinywa. Nikamwita Twalibu mbele. Nikamuuliza chai ya Khadidja ina ladha gani.

"Sijainywa bado, mzee."

"Unaposa muke hujanywa chai yake? Mimi nimeinywa toka hajafikia meza! Mwanamuke huyu sijamupa talaka. Nani ameniuliza mimi?"

Honi ikalia nje. Ilyasi akaninong'oneza, "Baba, bariyeri." Nikamwambia kwa sauti kwamba honi nilijua kuipiga kabla yeye hajazaliwa. Waliocheka sasa walikuwa wachache, nami nikaona ni kwa sababu Gélase anatazama saa yake, anawaharibia watu furaha. Basi nikaongeza. Nikawaita majirani wote wazee, mmoja mmoja, nikamtaka Twalibu awaamkue. Nikadai aniambie Khadidja anaogopa nini. Kijana akasema, "Radi." Ilikuwa sahihi! Hata hilo alishaambiwa. Nani alimwambia? Hiyo ilikuwa siri yangu na Khadidja tangu utoto wake, usiku wa mvua anakuja kukaa karibu na kitanda chetu.

Mohamadi akaja mwenyewe na chupa ya fanta. Akaishika kwa mikono miwili, akainama kidogo.

"Mzee wetu, sisi tuko nachelewa. Tusamehe. Kunywa, utupe ruhusa."

Nikaisukuma ile chupa.

"Rudini nayo," nikasema.

Buyenzi wakasubiri jino langu. Lakini watu wa Kajaga hawakuijua hadithi ya jino. Kabla ya vita ningekuwa na jioni nzima ya kuwafundisha. Wangebembeleza, shangazi wangeimba. Honi ikalia tena, ndefu, na ndani ya ile honi kulikuwa na hofu. Mohamadi alinitazama, akatazama chupa, akaiweka kifuani.

"Tumesikia," akasema, sauti ile ile ya chini. "Twendeni, watu wangu."

"Ngoja," Gélase akasema, "ngoja, bwana Mohamadi, huyu mzee anatania!"

"Na chupa nayo inatania? Sisi hatujui utani wa chupa." Na walishakuwa wanapanda. Wanawake wakiinua watoto, Twalibu akigeuka geuka kama mtu aliyeangusha funguo. Nilikimbia mpaka barabarani nikipiga kelele kwamba nakunywa, leteni nikunywe. Nilimeza vumbi la Hiace.

Khadidja hakulia. Alikusanya glasi, akaziosha, akaingia ndani. Na asubuhi yake chai ililetwa na Assia.

"Muke mdogo yuko wapi?" nikauliza, nikijaribu bahati.

"Hana bwana hapa." Akaiweka chini. "Nenda Kajaga."

"Nitakwenda. Nitawaeleza mwenyewe."

"Utakwenda na musemaji. Neno la posa likivunjika anayelifunga ni yule aliyelifungua. We ulikuwa musemaji, sheria hiyo uliifundisha we."

Kwa hiyo nikapanda Mutanga Nord kwa miguu kumwomba Gélase. Alinifungulia akiwa na kandambili na fulana iliyotoboka, na, Mungu anisamehe, nilifurahi. Hakunisema hata kidogo. Alivaa vile viatu vyake tukashuka, tukapata pikapu ya wauza samaki inayorudi Kajaga na makapu matupu, tukakaa nyuma kama makapu mengine.

"Tukifika," akasema, "wewe nyamaza. Nitaanza na ndama aliyeteleza."

"Kosa ni langu, nitaanza mimi."

"Mzee Sulemani, jana ulianza ukashindwa kumaliza."

"Na we jana uliwachekesha kwa maneno ya bei rahisi. Ndama asile mchanga! Hilo mimi nililiacha wakati wa mkoloni."

"Lakini walicheka."

Walicheka, ndiyo. Nikatazama ziwa.

Kwa Mohamadi kulikuwa na uwanja wa mchanga, ndagala zimeanikwa, mafriza mawili yamefunguliwa matumbo na Twalibu amechuchumaa katikati yao. Mwanamke mzee alikuwa kivulini akichambua ndagala kwenye ungo, nikasikia akimwambia, "Bwana wangu, kula kwanza, chuma hakikimbii." Ndiye bibi yake, Mwamini, aliyemlea tangu mama yake afariki. Sikumjali. Macho yangu yalikuwa dirishani, ambapo chupa yangu ya fanta ilikuwa imesimama peke yake, bado imefungwa.

Mohamadi alitupa viti. Maji hakutupa.

"Jana," akasema, "tulifika bariyeri wameshaifunga. Dereva alishuka, mikono juu. Watoto ndani wanalia. Askari mmoja tu mwenye roho nzuri ndiye alituacha tupite. Sasa niambieni, mumekuja kufanya nini?"

Gélase akainuka. "Bwana Mohamadi, ndama alipokuwa njiani aliteleza..."

"Wacha ndama!" nikamkata. "Nitasema mimi."

"Mzee, msemaji ni mimi."

"Na muke ni wangu!"

"Ndiyo maneno yaliyotuleta hapa!"

"Yaliyotuleta hapa ni haraka yako! Ungenipa nafasi tangu mwanzo..."

"Nafasi? Ulitaka tuoze binti mpaka Ramadhani?"

Tukawa tumesimama wote wawili, wazee wenye mvi, tunanyoosheana vidole mbele ya watu tuliokuja kuwaomba msamaha. Mohamadi akauliza polepole kama tumekuja kuomba au tumekuja kugombana. Twalibu alishika bisibisi yake bila kujua aiweke wapi. Nikaona yote yanapotea mara ya pili, na bado mdomo wangu haukufunga breki.

"Ninyi wote munasema tu!" nikasema, na sauti ikanipasukia. "Munasema mzee ametania, mzee amechelewesha. Mimi nimebaki na nini? Kazi imekwisha, kamyo imekwisha, hata maneno yangu amepewa mwingine. Asubuhi nilikuwa na mutu mmoja wa kuniuliza kama nimeamka. Hakuna hapa anayejua uchungu wa mutu kunyang'anywa muke wake!"

Yule mwanamke akaweka ungo chini. Akaenda dirishani, akaichukua chupa, akaifungua kwa ncha ya kisu cha samaki, akapangusa mdomo wa chupa kwa kitenge, akaitia mkononi mwangu na kunikunja vidole juu yake.

"Kunywa, Sulemani," akasema Mwamini, akimwonyesha Twalibu kwa kidevu. "Na mimi naachwa na bwana wangu. Umeona nimefunga barabara ya mutu?"